Mraba Mweupe

Mtafiti alichora ukoo wa mama aliyemtembelea kwenye karatasi: duara kwa kila mwanamke, mraba kwa kila mwanamume. Aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili, umbo lake alilijaza weusi kwa penseli.

"Familia moja haitupi jibu, mama," alisema. "Tukilinganisha nyingi, pamoja na damu zao, ndipo tutajua kipi kinarithiwa."

Mama aliwataja waliougua: babu yake, dada yake, halafu kifungua mimba wake. Kwenye mstari wa watoto ukabaki mraba mmoja mweupe.

"Na kitinda mimba?"

"Mimi? Hata mafua siyajui," alijibu kitinda mimba mwenyewe, akitua sinia la chai na simu yake mezani. Akarudi jikoni akicheka.

Mama akaichukua penseli. Akaanza kuujaza ule mraba, taratibu, kona kwa kona.

"Mama, si amesema ni mzima?"

Mama akainua kidole. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mwanawe, ya chini, yenye hasira: "Nyamaza. Kuna mgeni."

"Anaongea na nani?"

Mama aliitazama simu iliyolala kando ya kikombe. Akaendelea kukandamiza penseli mpaka karatasi ikatoboka.

"Humu ndani," alisema, "tunaishi wawili tu."