Ndama Aliyevikwa Ngozi ya Mwenzake

Jumanne, tarehe 11 Machi, 2014, baada ya adhuhuri, mwanamume mmoja alipiga magoti katika banda la ng'ombe huko Roscommon, akimchuna ndama aliyekufa. Alichuna taratibu, bila kutoboa, kwa kuwa ngozi hiyo ilikuwa bado na kazi.

Nyuma ya ubao, ng'ombe mwekundu aliyemzaa ndama huyo alisimama na kiwele kilichojaa. Alikuwa amekwisha kuacha kulia.

Malachy, jirani, alirudisha gari kinyumenyume hadi mlangoni, akashusha kutoka kwenye trela ndama mwingine, aliye hai. Huyu alikuwa pacha. Mamaye alimkubali nduguye, lakini huyu alifukuzwa kwa teke.

"Huyu hapa," alisema Malachy. "Ana njaa na hana adabu. Sijui kama hajarithi kwa ukoo wa mke wangu."

"Hajambo mkeo?"

"Hajambo yeye, mimi ndiye nina jambo. Daktari kasema nipunguze siagi, basi mke kaificha yote. Mzee mzima nanyatia kabati nyumbani kwangu kama mwizi. Na binti yetu wa Toronto kapata mchumba. Nikamuuliza kijana anafanya kazi gani, kanieleza nusu saa nzima, sijaelewa mpaka leo. Ng'ombe hajapata kumgusa."

"Mradi anamtunza."

"Ndivyo anavyosema mke wangu." Malachy alimshika ndama shingo ili asiteleze. "Wewe nawe, hujaonekana mnadani tangu Novemba."

"Kazi tu."

Walimtandika ndama mgeni ile ngozi mgongoni, wakaifunga kwa kamba shingoni na chini ya tumbo. Ng'ombe humtambua mwanawe kwa pua. Akiinusa harufu ya wake juu ya huyu, huenda akamnyonyesha. Asipomkubali, ndama hana siku nyingi.

Walimsukuma ndani, wakafunga ubao.

"Na mama, anakula?" aliuliza Malachy, akiielekezea nyumba kidevu.

"Anakula nikiketi naye. Nisipoketi, sahani inarudi kama ilivyokwenda."

"Amekonda, bwana. Nilimwona dirishani."

"Najua."

"Basi nenda ukaketi. Hawa wawili nitawaangalia mimi."

Yule mwanamume alinawa damu kwenye ndoo. Kisha alichukua koti la buluu lililotundikwa msumarini, akalivaa, ingawa jasho lilikuwa likimtoka. Mikono ya koti iliishia juu ya vifundo vyake. Malachy alilitazama koti, akageuka kumtazama ng'ombe.

Langoni alilala mbwa. Koti lilipopita aliinua pua, akanusa, akakilaza tena kichwa juu ya miguu.

Mama Attracta, mwenye shamba hilo, alikuwa ameketi kando ya jiko. Macho yake yalikuwa na ukungu wa miaka mingi, na uso wa mtu aliuona kama kivuli tu. Mlango ulipofunguliwa alikaa wima.

"Fintan?"

"Naam, Mama."

Mama alinyoosha mkono, akaupapasa upindo wa koti, kisha akauachia.

"Keti, mwanangu. Viazi vinapoa."

Walikula viazi, kabichi na nyama ya nguruwe ya chumvi. Bibi huyo alisikiliza uma wa mwenzake. Ulipogusa sahani, naye alitia tonge kinywani. Uliponyamaza, naye aliacha. Kwa hiyo mwanamume aliendelea kula, ingawa hakuwa na njaa.

"Turlough wa ng'ambo ya mto yu hali gani?" aliuliza mama.

Kisu kilisimama juu ya kiazi.

"Yupo."

"Yupo wapi? Tangu Novemba hajapiga hodi hapa. Rafiki yako tangu shule, na chai ya nyumba hii kanywa pipa zima."

"Huenda anaona haya."

"Haya ya nini? Mlishuka wawili kwenye shimo la samadi, na hewa mbaya haiulizi mtu jina. Mwambie simlaumu."

"Nitamwambia."

"Leo."

"Leo, Mama."

Mwanamume alimenya kiazi kingine. Saa ya ukutani iliendelea kugonga, na nje mvua ilianza kunyesha juu ya mabati.

Mlango ulifunguka nusu. Malachy alichungulia, kofia mkononi.

"Ananyonya," alisema. "Kamnusa, kamlamba mgongo wote, kamwachia kiwele. Ile ngozi imemdanganya kabisa."

Alirudi bandani. Mama Attracta alipangusa mdomo kwa ncha ya aproni.

"Haikumdanganya," alisema. "Alijua tangu alipomnusa."

"Mbona kamkubali?"

"Kiwele kilikuwa kinamuuma. Na mtoto wa watu alikuwa na njaa."

Aliisukuma sahani ya viazi polepole juu ya meza, mpaka ikaugusa mkono wa yule mwanamume.

"Kesho liache koti la marehemu mwanangu msumarini, Turlough. Linakubana. Njoo na lako."

Ukimaliza kuusoma ukurasa huu, mpe jirani yako.