Jiwe la Kumi na Nne

Filamu kuhusu kufilisika kwa benki ya mji ilipokwisha, ukumbi mzima ulisimama kupiga makofi. Bi Siwema, aliyealikwa kwa kuwa naye alipoteza akiba yake humo, alibaki amekaa.

Bwana Lutengano, mhakiki wa gazeti, akashika kipaza sauti. "Kilichonikosha," alisema, "ni yale mawe yaliyopangwa mbele ya mlango wa benki. Mwongozaji ametuonyesha ugumu wa mioyo ya matajiri. Ishara nzito sana."

Bi Siwema akainua mkono. Mawe yale yalikuwa foleni ya watu waliokuja kudai akiba zao. Mwaka ule kila mtu aliweka lake alipokwenda kujisaidia au kutafuta uji, na wenzake waliliheshimu kama mtu. La mumewe lilikuwa la kumi na nne. Waliendelea kulisogeza mbele hata siku mbili baada ya kumzika, maana hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitoa.

"Mwanangu, yale mawe tulikuwa sisi," alisema.

Lutengano akatabasamu. "Naam, mama. Ndiyo maana ya ishara." Akaandika kijitabuni.

Wakaitwa kula pilau. Wahakiki wakajipanga na sahani zao wakisifiana, Lutengano akiwa wa kwanza. Bi Siwema akatoka nje, akarudi na jiwe la ukubwa wa ngumi, akaliweka sakafuni mbele ya viatu vya Lutengano, akaenda zake.

Sufuria zikafunuliwa. Lutengano alisimama akilitazama lile jiwe, sahani mkononi, na huko nyuma watu wakaanza kuulizana mbona foleni haisogei.