Vitambaa vya Kahawia

Habari za msiba hazikuyafikia maharage ya Hamadi. Wiki ya tatu baada ya mazishi yake, maharage yalizaa kupita kiasi. Mwasiti, mjane wake, aliyapika mabichi kwa nazi, akayapika kwa mayai, akawagawia majirani mpaka wakaona haya kupokea, na bado yakabaki tele. Ndipo wifi yake, Tabu, akaja kumsaidia kuyakausha. Mwasiti alikaa jikoni akiyatoa nyuzi na kuyapitisha kwenye maji ya moto yenye chumvi, tayari kwa kuanikwa. Tabu alichuma.

"Nimemaliza, wifi," Tabu alisema, akitua karai la mwisho. "Sijaacha hata moja likuozee. Na vile vitambaa vilivyobana mashina nimevifungua."

Mwasiti alitia mkono karaini, akavikuta: vipande vya shati kuukuu la Hamadi, lile la kahawia. Kila msimu Hamadi alivifunga kwenye mashina manne bora, maharage yake yasichumwe, yakaukie palepale yawe mbegu. Mbegu nyingine hakuwahi kuweka.

Akapasua ganda moja. Punje zilikuwa changa mno kuwa mbegu. Alipozibonyeza zilitoka maji.

"Yamekomaa mno?" Tabu akauliza.

"Hapana, wifi. Mazuri kabisa. Ahsante."

Tabu alipoinama kuchochea moto, Mwasiti alitoka na ganda moja. Alipiga magoti bustanini, akalishikiza kwenye shina tupu, akalifunga kwa kitambaa cha kahawia.

"Wifi, maji yanachemka!"

Mwasiti akakaza fundo la pili.