Mdomo wa Bomba

Mvua ilipoanza kugonga bati, Mama Vifungo alizima redio ili asikie vizuri jinsi alivyokuwa akimharibia jirani yake.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mshonaji, mwenye pini mdomoni na neno jema kwa kila mteja, na mtaa mzima ulimwita kwa vifungo vyake. Lakini tangu atengeneze njia ya gari, zege tupu kutoka getini hadi barazani, hakuwa na raha. Zege halinywi maji. Fundi alilaza bomba kando ya njia ile, likateremka hadi nyuma ya kiwanja, mdomo wake ukapenya chini ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta ndiko alikoishi jirani wa chini.

"Yatajijua huko mbele," fundi alisema siku ile.

Gari lenyewe lilikuwa la mwanawe, nalo lilikuja kwa nadra kama mwezi mwandamo. Maji ndiyo yaliyokuja kila mvua, yakinguruma bombani na kumwagikia kwa mwenzake.

Na mwenzake huyo hakuwa mtu wa kumwagiwa maji. Ndiye aliyewaogesha na kuwalisha watoto wa Mama Vifungo wakati mama yao amelazwa hospitali, wala hakuwahi kulitaja. Mjane, mwenye kimeza cha mboga sokoni, hana hata mtu wa kumsemea.

Zege lilipokauka tu, Mama Vifungo alianza kusikia jembe nyuma ya ukuta, asubuhi na jioni. Anachimba mtaro, masikini, aiokoe nyumba yake. Moyo ukamshuka hadi kwenye ndara.

Alikwenda kuomba radhi. Jirani alimpokea getini, mabuti ya mvua miguuni, tope hadi magotini, akasimama katikati ya mlango kama kizibo cha chupa. Zamani angemvuta mkono hadi jikoni. Mama Vifungo alipoyataja tu yale maji, mwenzake aliangalia chini, akasema asijisumbue, maji hayana kosa. Kisha akauliza habari za watoto wote, mpaka yule aliyekwisha kumuulizia.

Alirudi tena siku nyingine, ikawa vilevile. Safari hiyo akafungiwa mboga na nyanya kubwa zinazong'aa, akalazimishwa azipokee. Alizipika, zikamkwama kooni. Umzamishe mtu, naye akulishe!

Kilichomkata maini hasa ni kitendawili. Wawili hao walikuwa na mchezo wao wa siku nyingi. Ukuta ni mrefu, hawaonani, lakini huyu akianika nguo na yule akianika zake, walikuwa wakitegeana. Mchezo ulikufa siku bomba lilipolazwa. Basi asubuhi moja, mvua imetoka kukatika, sauti ikaja kutoka ng'ambo.

"Kitendawili."

"Tega," alijibu Mama Vifungo.

"Nina mgeni wangu hapigi hodi. Akija hunitoa kitandani, akiondoka huniachia kazi."

Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Mama Vifungo akajiona ameling'amua kabla halijaisha: ni maji yake. Alizikusanya nguo zake zikiwa mbichi, akaingia ndani, akakaa mbele ya cherehani bila kushona kitu. Sasa hata uso wa kumtazama mwenzake hana.

Wiki ile ile aliuza cherehani yake ya pili, ile ya kudarizi, iliyokuwa iwe ya uzeeni kwake, akamwita fundi.

Fundi, kama ilivyo ada ya mafundi, alizunguka akitikisa kichwa, akauliza ni nani aliyeiharibu kazi namna hii. Mama Vifungo akamkumbusha. Fundi akakohoa, akatafuta pimamaji yake.

Walivunja zege, wakafukua bomba, wakaligeuza lielekee barabarani. Ilibidi wachimbe kina kirefu, maana kiwanja chote kinainamia kwa jirani. Pale getini wakaweka karavati, maji yapite chini ya njia ya gari na kuingia kwenye mtaro wa barabara. Mwisho fundi alipiga magoti kuziba lile tundu la chini ya ukuta. Alipitisha mkono, akapapasa upande wa pili.

"Huyu wa huku amepanga mawe hapa, mama, tena kwa mpango," alisema. "Hata mimi nisingeweza."

Mama Vifungo alitazama kando. Kwa mikono yake mwenyewe, masikini, mwanamke mzima anapambana na uchafu wangu. Akamwambia fundi azibe, tena azibe sawasawa.

Mvua iliyofuata ilikuwa kubwa. Bomba likanguruma, lakini kuelekea barabarani, na karavati likameza yote. Kwa mara ya kwanza Mama Vifungo aliiacha redio ikiimba, akalala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

Asubuhi ikapigwa hodi. Alikuwa jirani wa chini, mabuti yake safi, ndoo tupu mkononi. Mama Vifungo alilifungua geti lote, mikono ameshaitanua, na midomoni ana maneno tayari: si kitu, mwenzangu, ilinipasa.

Jirani hakuinua macho. Alisimama juu ya lile karavati kama mtoto aliyekutwa na kijiko kwenye sukari.

"Najua maji ni yako, jirani, na sikuwahi kukuomba, niliona haya," alisema. "Lakini bwawa nililolichimba halikupata kitu, na nyanya ndiyo kwanza zinatoa maua, ungeningoja nivune, ndipo unifungie."