Mkia wa Mashine ya Mzee Alois

Chuma cha nne nacho kilitoka mashineni kinene upande mmoja, chembamba upande wa pili, kama muhogo. Lugembe alikitupa uani kwa nguvu, kuku wakatawanyika, na Siwema, jirani asiyepitwa na neno, akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna aliyekufa.

"Bado," Lugembe akajibu. "Ngoja mwizi arudi kutoka kisimani."

Huyo mwizi ni Sylvester, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekwenda kunawa grisi.

Mambo yalianza hivi. Marehemu baba yao, Mzee Alois, fundi wa reli pale Tabora, aliacha mashine ya kukereza chuma, ya zamani za Mjerumani, inayokanyagwa kwa mguu kama cherehani. Aliinunua kwenye mgodi uliofungwa huko Nzega. Siku ya kumaliza matanga, wazee wa ukoo waliigawa kama wanavyogawa nyama: nusu huku, nusu kule, asinung'unike mtu. Lugembe akapata kitanda cha mashine na kichwa kinachozungusha chuma. Sylvester akapata mkia, ile sehemu ya nyuma inayokishika chuma kwa ncha kisiyumbe, akautia guniani akaenda nao Nzega kutafuta kazi. Miaka mitatu kila mmoja akawa na nusu mashine isiyoweza kuchonga hata msumari.

Mwezi huu Sylvester alirudi na gunia lake. Ndugu wakapatana: waiunge, wachonge ekseli za baiskeli, wale sahani moja. Wiki mbili wakakwangua kutu, wakakaza, wakalegeza, wakakaza tena. Lakini kila wakisukuma mkia mpaka kwenye kichwa, zile ncha mbili ambazo zinapaswa kukutana pua kwa pua zilipishana kwa unene wa ukucha. Wakatia bati chini, zikapishana juu. Wakatoa bati, zikapishana kando.

"Ni sakafu," alisema Sylvester. Wakamwaga saruji mpya.

"Ni mkono wako," alisema Lugembe. Wakatukanana siku nzima.

Leo asubuhi ndipo Lugembe alipokwangua rangi ya zamani akaona namba zilizopigwa kwenye chuma. Kitanda, 71. Kichwa, 71. Mkia, 72.

Sylvester aliporudi, maji hayajamkauka mikononi, alikuta kaka yake amesimama mlangoni.

"Mkia wa baba umeuuza wapi?"

"Nimeuza nini? Mkia si huo umeufunga mwenyewe?"

"Huu ni takataka ya watu! Umeuza wetu Nzega, ukanywa pombe, ukaokota huu unidanganye. Soma namba, kama shule ulikwenda kusoma na siyo kucheza bao."

Sylvester akainama, akasoma, akanyanyuka amebadilika rangi. "Wallahi, kaka, niliopewa ndio huu."

"Mkristo wewe, unaapa wallahi! Uongo umekuzidi hata dini umesahau."

Upande wa pili wa ua watu walicheka. Siwema alikwishawaita wenziwe.

Mama yao, Koleta, alikuwa kizingitini akimenya karanga. "Mimi nakumbuka gari la ng'ombe lililoleta hiyo mashine," alisema bila kuinua macho. "Liliteremsha mzigo hapa, likaondoka bado limejaa."

"Mama, hapa tunasema habari ya wizi." Lugembe akamgeukia tena mdogo wake. "Padri alimsifu baba juu ya jeneza: mke mmoja, neno moja! Kila mwisho wa mwezi alipanda treni kwenda Kigwa kutengeneza pampu, hata Krismasi, hakusema amechoka. Mtu kama yule ndiye wa kuibiwa na mwanawe? Jumamosi tunakwenda kwa mtemi. Utatoka nyumba hii na gunia lako, na mimi nisikuite ndugu tena."

"Nyumba niliyozaliwa? Nitoe wewe, basi. Nitoe sasa hivi!"

Wakashikana makoo. Karanga zikamwagika. Mama alipiga yowe, na Siwema akaingia uani na wenziwe watatu, wa kuamua na wa kutazama.

"Hodi hapa!"

Msichana alikuwa amesimama penye lango, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kapu kichwani limemkunja shingo. "Shikamooni. Hapa ndipo kwa Mzee Alois?"

"Marahaba. Mzee ni marehemu, binti," alisema Siwema.

"Najua." Akalitua kapu. Likalia chuma kwa chuma. Ndani, juu ya majani makavu, ulilala mkia wa mashine.

Lugembe alimwachia Sylvester shingo. Akapiga magoti, akafuta grisi kwa kidole gumba. 71.

Akaubeba ndani, akaufunga kitandani, akausukuma taratibu. Ncha ikaigusa ncha, pua kwa pua, hata unywele usingepita.

Akatoka nje mbio, sauti yake sasa ilisikika mpaka stesheni. "Mmeona wenyewe! Mashahidi ninyi hapa!" Akamnyooshea Sylvester kidole huku akimtazama msichana. "Sema, binti, usimwogope. Huyu aliwauzia kwa bei gani?"

Msichana akamtazama Sylvester, akamtazama Lugembe, akamtazama kwa muda mrefu zaidi yule mama aliyekuwa akiokota karanga moja moja.

"Hajatuuzia mtu, kaka. Kwetu Kigwa nako iko mashine kama hii, imegoma vilevile, na kaka zangu wanataka kutoana roho. Mkia huu tuligawiwa na wazee wa kwetu, siku tulipomaliza matanga ya baba yetu, Alois."