Wakili wa Ghala

Mungu aliwapa ndege sauti, na Chiriku akaifanya yake kuwa kazi ya uwakili. Mwaka baada ya mwaka alilitetea mbele ya hakimu ghala la Kuchakuro, ambamo wote waliweka akiba zao, wala hakuwahi kushindwa. Siku moja Njiwa mjane alilishtaki ghala, akidai mtama ambao marehemu mumewe aliuweka humo. Watoto wake walikuwa na njaa.

“Mheshimiwa,” Chiriku alimwambia hakimu Nyegere, wote wakiwa mbele ya mlango wa ghala, “tukifungua mlango, unyevu utaozesha akiba ya wote. Mtama upo, salama kabisa.”

Nyegere alitikisa kichwa kukubali. Kuchakuro akatabasamu.

“Mimi sina elimu ya kubishana nawe, baba,” Njiwa akasema polepole. “Kama ni salama, peleka humo chakula cha wanao leo hii. Nami nitaondoka, nimwachie Mungu.”

Hakimu akageuka. “Haya, wakili. Utapeleka?”

Chiriku aliwawaza wanawe, akawaza na harufu ya ukungu aliyoisikia mlangoni asubuhi ile. 

“Sema basi!” Kuchakuro akamnong’oneza. “Nakulipa ya nini?”

Chiriku akainamisha kichwa.

Nyegere akainuka, akauvunja mlango kwa makucha. Humo hamkuwa na mtama, ila maganda matupu na wadudu wa fukusi.

Jioni ile watoto wa Njiwa walikula kiotani kwa Chiriku, naye akawahudumia kimya.