Mkono wa Muwan

Ix Muyal alimkamata mjumbe wa adui upindo wa vazi katikati ya soko, mbele ya walinzi, na hakumwachia.

"Mwanangu si mchukuzi," alisema. "Umesikia, baba? Mmemfunga kamba moja na watu wasio wenzake."

Mjumbe alikuwa amekuja kutaja majina ya mateka wa vita. Mabwana wangeuawa siku ya sikukuu. Wachukuzi wa mizigo wangelima mashamba ya mfalme wake, kamba shingoni, mpaka wakombolewe. Jina la Muwan lilitajwa mwisho, kwenye kundi la wachukuzi.

"Mama, twende nyumbani," alinong'ona Ix Kuk, mke wa Muwan, akimvuta mkono. "Mwache alime. Kulima hakuui mtu."

"Wewe nyamaza." Ix Muyal akamgeukia tena mjumbe. "Mfalme wako ana chombo cheupe cha kunywea kakao, kina korongo aliyechorwa ubavuni. Alizawadiwa kabla hatujagombana. Pale ukingoni pameandikwa jina la fundi. Jina gani?"

Mjumbe alikunja uso, akakumbuka. "Muwan."

"Basi ndiye huyo mnayemlimisha mahindi!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mjumbe alitabasamu. "Bibi, kama ni yeye kweli, kamba itafunguliwa. Ataketi kwenye mkeka wa mfalme, apewe brashi mpya na chakula cha wakubwa."

Njia nzima ya kurudi Ix Kuk alitembea nyuma, akigeuka kutazama alikobaki mjumbe.

"Mke gani huyu?" Ix Muyal alimlalamikia jirani yake, Ix Tab, muuza chumvi. "Mumewe anafunguliwa kamba, yeye amenuna."

"Anaogopa atapewa mwanamke mwingine huko. Mafundi wanapendwa, shoga yangu."

"Apewe! Huyu wa hapa amemfaa nini? Kutwa wamejifungia chumbani, eti anamsagia rangi. Mahindi nasaga mimi."

"Kujifungia kote huko, na mtoto mmoja tu," alisema Ix Tab, na wote wawili wakacheka mpaka machozi.

Ni kweli, Muwan hakupenda kuonekana akifanya kazi. Jicho la mpita njia, alisema, huipasua rangi ikiingia motoni. Mlangoni aliangika mkeka, na mama yake hakuwahi kuufunua. Ilimtosha kuona vyombo vikitoka, na kumwona mwanawe akikatiza soko, brashi zimechomekwa kwenye kilemba, watu wakimpisha njia.

Jioni ile Ix Kuk alipiga magoti mbele yake. "Mama, nakuomba. Mjumbe hajavuka mto. Mrudie, umwambie ulikosea, Muwan wako wawili."

"Nimkane mwanangu?"

"Mkane, Mama. Kwa leo tu."

"Ondoka hapa. Ondoka kabla sijakutandika."

Tangu siku hiyo hawakuzungumza ila la lazima. Ix Muyal alifukiza ubani kila asubuhi, na kila aliyepita alimweleza habari alizojitungia mwenyewe. "Saa hizi anakula bata mzinga. Amenenepa huyo, mtaona."

Mvua za kwanza ziliponyesha, wachukuzi wakarudi. Wote. Walikombolewa kwa chumvi, maana mfalme wa ng'ambo alikuwa na shida ya chumvi kuliko ya wakulima. Ix Muyal alikimbia na matope yake hadi mtoni, akamshika Tzul, kijana wa mtaani kwao, aliyekuwa amefungwa kamba moja na Muwan.

Tzul alitazama maji. "Walimwita siku ile ile mjumbe aliporudi, mama. Wakamkalisha mkekani. Wakampa chombo cheupe na brashi, mfalme mwenyewe anatazama, yeye na wageni wake."

"Eeh. Halafu?"

"Aliishika brashi vizuri, mama. Sijaona mtu akishika brashi namna ile. Akakaa nayo. Akakaa mpaka rangi ikakauka. Wakamchovyea tena, ikakauka tena. Hakupiga hata mstari mmoja."

"Halafu, Tzul?"

"Mfalme akaona amedharauliwa mbele ya wageni. Wakamvunja vidole, kimoja kimoja. Sikukuu ilipofika, wakampandisha ngazi za hekalu pamoja na mabwana."

Mji mzima ulimlilia. Wakubwa waliokuwa hawajawahi kuingia uani kwa Ix Muyal walikuja, wakakaa chini, wakasema hawajaona shujaa kama yule, aliyekubali kufa kuliko kumchorea adui unyoya mmoja. Na korongo wake, walisema, wamekufa naye; hakuna tena wa kuwachora.

"Alikataa," Ix Muyal alimwambia kila aliyempa pole. "Mkono wa mwanangu haukuwatumikia." Maneno hayo ndiyo yaliyomshika asianguke.

Ix Kuk peke yake hakuwapo kwenye kilio. Ix Muyal aliinuka kumtafuta, maneno makali yako tayari kwenye ulimi. Akafika mlangoni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaufunua ule mkeka.

Mkwewe alikuwa ameketi sakafuni, chombo cheupe mapajani, machozi yakidondoka kidevuni bila kufutwa. Brashi ilikuwa inatembea. Shingo ya korongo ilitoka kwa mstari mmoja tu, ikapanda, ikapinda, ikashuka, bila kutetemeka.

Ix Muyal aliegemea ukuta.

"Mwanangu alikufundisha haya lini?"

Ix Kuk hakuinua kichwa.

"Mimi ndiye niliyemfundisha, Mama. Kuishika brashi tu."